Maji machafu yanavyovunja kinga ya chaza, na yanavyorudi vyunguni mwetu



Mara nyingi tunapozungumzia usafi tunaishia kwenye mwili, nguo na mahali pa kuswalia. Leo tuyafuate maji yakishatoka mikononi mwetu. Tuangalie yanakwenda wapi, yanamkuta nani, na yanamfanya nini. Katika safari hiyo tutamtazama zaidi kiumbe mmoja mdogo ambaye wengi wetu tunamjua kwa utamu wake tu: chaza, pamoja na jamaa zake kome na kombe.

Huenda ukauliza, tabibu wa Tandale anatafuta nini kwa chaza? Sababu ni mbili. Kwanza, viumbe hawa wanaliwa majumbani mwetu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, utawaona akina mama na watoto wakiwaokota miambani na matopeni, na jioni wanauzwa kwa bei ambayo hata mwenye kipato kidogo anaimudu. Pili, kinga ya mwili ya chaza ni kipimo cha hali ya maji yetu. Inapovunjika, ujue maji yale yale yananyemelea na kinga ya mwanao.

Njia ya maji kutoka Tandale hadi baharini

Mkazi wa Tandale anaufahamu Mto Ng'ombe. Unapita katikati ya makazi yetu, unapokea mitaro ya mitaa, kisha unakwenda kuungana na Mto Msimbazi. Msimbazi nao unatoka upande wa milima ya Pugu, unapita maeneo ya viwanda, machinjio, magereji, mabustani ya mchicha na makazi ya watu wengi, unashuka Jangwani, unapenya kwenye mikoko na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Kwa hiyo tone lililomwagwa mtaroni Tandale halina safari ndefu. Mvua kubwa ikinyesha, laweza kufika baharini siku hiyo hiyo.

Sasa fikiria tone hilo limebeba nini. Sehemu kubwa ya jiji letu haina mabomba ya majitaka. Sisi wa Tandale tunategemea vyoo vya shimo, na maji ya ardhini yako karibu sana, kiasi kwamba shimo hujaa upesi. Mvua ikianza, wapo wanaofungua tundu upande wa chini wa choo na kuacha kinyesi kiende na maji. Mtaani tunaita "kutapisha choo", na jambo hili linajulikana na kila mtu ingawa hakuna anayekiri kwamba ni lake. Juu ya kinyesi ongeza oili chafu ya gereji, maji ya betri za gari, rangi, sabuni, dawa za kuua wadudu na mifuko ya takataka. Mchanganyiko huo ndio unaomfikia chaza.

Chaza anavyokula

Chaza, kome na kombe wana magamba mawili yanayofunguka na kufungana kama kitabu. Hawana miguu ya kukimbilia wala meno ya kutafunia. Chaza akishajigandisha kwenye mwamba au kwenye mzizi wa mkoko, hapo ndipo kwake mpaka kufa. Chakula chake hukipata kwa kuvuta maji, kuyapitisha kwenye mashavu yake, kukamata vijimea na chembe ndogo ndogo, kisha kuyatoa. Kazi hiyo anaifanya saa kwa saa. Chaza mmoja mkubwa, maji yakiwa mazuri, aweza kuchuja lita kadhaa kwa saa moja tu.

Hii ni neema kwa bahari, kwa sababu viumbe hawa wanayasafisha maji. Lakini kila kilichomo majini kinapita ndani ya mwili wao, na kingi kinabaki humo. Bakteria na virusi waliotawanyika katika maji mengi hukusanyika katika kipande kidogo cha nyama, mara nyingi kwa wingi unaozidi ule wa majini mara kumi, hata mara mia au zaidi. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana masafi machoni, na chaza aliyemo akawa mchafu.

Askari wa mwili wa chaza

Mwenyezi Mungu hakumuacha kiumbe huyu bila ulinzi. Kwanza ana gamba. Akihisi maji mabaya, hulifunga na kukaa kimya. Pili ana ute unaonasa vijidudu na kuvitoa nje. Tatu, na hili ndilo kubwa, ana chembe za damu zinazofanya kazi ya askari.

Damu ya chaza haina rangi nyekundu kama yetu, na haikai ndani ya mishipa tu, bali inazunguka huru kati ya nyama zake. Ndani ya damu hiyo chembe hizo zinatembea zikikagua. Zikikutana na bakteria, zinamzunguka, zinamkumbatia na kummeza, kisha zinamuua kwa kemikali kali na vimeng'enya. Kimoja kati ya vimeng'enya hivyo kinaitwa laisozaimu. Na sisi tunacho, kwenye machozi na mate yetu. Kilipewa jina hilo na Alexander Fleming mwaka 1922, miaka michache kabla ya yeye kugundua penisilini.

Jambo hili la chembe kumeza vijidudu lilimshangaza mwanasayansi Élie Metchnikoff mwaka 1882 alipokuwa Messina, Italia, akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza. Alichoma mwiba ndani ya kiluwiluwi na kuona chembe zinakimbilia pale penye mwiba na kuuzunguka. Kutokana na kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Chembe zetu nyeupe za damu zinafanya kazi hiyo hiyo. Ukiona usaha kwenye jipu, umeona mabaki ya vita hivyo.

Lakini ipo tofauti kubwa kati yetu na chaza. Sisi tuna kingamwili, yaani silaha maalumu ambayo mwili unaitengeneza kwa kila adui na kuikumbuka kwa miaka. Ndiyo maana mtoto akichanjwa surua anabaki salama. Chaza hana kingamwili. Anategemea zile chembe zake za kumeza na kemikali zake. Aidha chembe hizo hizo ndizo zinazobeba chakula mwilini, zinazotengeneza gamba linapovunjika na zinazokusanya sumu. Ni askari anayefanya pia kazi ya hamali, fundi na mzoa taka. Ukimtwisha mzigo mmoja kupita kiasi, kazi zote zinalala.

Uchafu unavyowadhoofisha askari hao

Wa kwanza ni madini mazito: risasi, zebaki, kadimiamu, shaba na mengineyo. Haya hutoka kwenye betri, rangi, vyuma, mabaki ya vyombo vya umeme na viwandani. Hayaozi wala hayapotei. Chembe za damu za chaza huyakusanya ndani yake ili yasiudhuru mwili. Yakiwa kidogo, chembe zinaweza hata kuchangamka kwa muda kama mtu aliyetikiswa usingizini. Yakizidi, vifuko vyenye vimeng'enya ndani ya chembe vinapasuka na kuvuja, chembe zinashindwa kumeza bakteria, na nyingine zinakufa. Mwaka 1986 katika pwani ya Charting huko Taiwan, chaza waligeuka rangi ya kijani kwa wingi wa shaba waliyoikusanya. Wale walionekana kwa macho. Risasi na zebaki hazimbadilishi chaza rangi.

Wa pili ni mafuta. Oili chafu ina kemikali zinazogandamana na mafuta ya mwili wa chaza na kuharibu ngozi ya chembe zake. Katika kundi hili la kemikali za viwandani ilikuwemo pia rangi ya kupaka chini ya meli yenye sumu ya bati, iliyowekwa ili viumbe wasigande kwenye meli. Ilikutwa kwamba kiasi kidogo mno kinavuruga uzazi wa konokono wa baharini na kudhoofisha kinga ya chaza. Mkataba wa kuipiga marufuku duniani ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008.

Wa tatu ni kinyesi na majitaka. Hapa chaza anapata pigo maradufu. Bakteria wanaongezeka, hivyo askari wake hawapati kupumzika. Wakati huo huo uchafu unaooza unakula oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikipungua, chaza anafunga gamba na kuishi kwa akiba yake, na kwa kuwa silaha yake ya kuua bakteria inatengenezwa kwa oksijeni, anabaki na askari wasio na risasi.

Wa nne ni mafuriko na joto. Masika maji ya mto yanamwagika kwa wingi na kupunguza chumvi ya bahari karibu na mlango wa mto. Chaza anazoea mabadiliko ya kadiri, lakini ya ghafla yanamchosha. Joto nalo linawafanya bakteria wa jamii ya vibrio waongezeke haraka. Kwa hiyo msimu ule ule ambao kinga yake iko chini, ndio msimu ambao maadui zake wako wengi, na ndio msimu ambao vyoo vinatapishwa.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ndoo moja ya oili kwako ni kidogo. Kwa kombe aliyejizika matopeni pale Salenda, ni janga.

Ushahidi wa kwetu

Usidhani haya ni mambo ya nchi za mbali. Watafiti walikwenda katika mikoko minne ya Dar es Salaam kupima madini mazito kwenye tope na kwenye konokono wadogo wanaopanda mikoko, wanaoitwa kitaalamu Littoraria scabra. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Mikoko ya Msimbazi, inayopokea maji ya jiji, ndiyo iliyokutwa na uchafuzi mzito zaidi, na uchafuzi huo uliwaathiri hata konokono wenyewe. Konokono yule hasafiri kwenda kutafuta sumu. Sumu ndiyo inayomfuata alipo.

Kisiwani Unguja, katika vijiji vya Fumba na Bweleo, tangu miaka ya 2000 akina mama wamekuwa wakifuga chaza wa lulu na kuvitunza vitalu vyao. Kazi hiyo inahitaji maji masafi kabla ya mtaji, kwa sababu chaza mwenye kinga dhaifu hawezi kustahimili jeraha la kupandikiziwa lulu. Kwa hiyo kuna familia katika pwani yetu ambazo ada ya shule ya watoto inatokana na afya ya chaza. Usafi wa bahari kwao ni riziki.

Funzo kutoka Ufaransa

Mwaka 2008 wafugaji wa chaza nchini Ufaransa walipata msiba. Chaza wachanga walianza kufa kwa wingi katika pwani mbalimbali za nchi hiyo. Ilibainika kwamba alikuwemo kirusi wa jamii ya hepesi anayewashambulia chaza. Lakini swali lilibaki: kirusi huyo anauaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba kirusi anaziingia chembe za damu na kuivunja kinga, kisha bakteria wa kawaida wa baharini wanaingia mwilini na kummaliza chaza.

Ndugu msomaji, jambo hili tunalielewa vizuri kwa sababu tumeishi na UKIMWI. Mtu aliyevunjikiwa kinga anauawa na kifua kikuu, homa ya mapafu au kuhara, maradhi tunayoyaita nyemelezi. Chaza naye ana maradhi yake nyemelezi. Na tofauti ni kwamba mgonjwa wetu ana dawa za ARV zinazomrudishia kinga na anaishi maisha marefu. Chaza hana kliniki. Dawa yake ni maji masafi tu.

Inamhusu vipi mlaji?

Chaza mwenye afya anaweza kuwaua na kuwatoa bakteria wengi aliowameza. Chaza ambaye askari wake wamechoka anawahifadhi. Anakuwa kama kibuyu kilichobeba kila kilichopita mtoni. Tena virusi vya binadamu, kama cha homa ya ini aina A, hata chaza mwenye nguvu anachelewa sana kuvitoa. Historia inatupa mifano mitatu.

Mwaka 1973 mji wa Naples nchini Italia ulipata kipindupindu, na kome walioliwa bila kuiva walihusishwa na mlipuko huo. Mwaka 1988 mji wa Shanghai nchini China ulipata homa ya ini aina A iliyowakumba watu takriban 300,000 ndani ya miezi michache. Chanzo kilikuwa kombe waliotoka kwenye maji yenye majitaka, waliochovywa tu kwenye maji ya moto na kuliwa. Kombe wale ni wa ukoo mmoja na hawa tunaowaokota pwani yetu. Na mwaka 1956 huko Minamata nchini Japani ndipo ulipotambuliwa rasmi ugonjwa wa neva uliotokana na zebaki ya kiwandani, iliyowafikia watu kupitia samaki na chaza. Watoto walizaliwa na ulemavu ingawa mama zao hawakuonekana wagonjwa.

Sisi nasi tunayo kumbukumbu yetu. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapa Kinondoni, na Tandale ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Ulienea katika sehemu kubwa ya nchi, ukavuka mpaka Zanzibar, na kufikia mwaka 2018 walikuwa wameugua watu zaidi ya 30,000. Chanzo chake kikubwa kwetu kilikuwa maji ya kunywa na uchafu wa vyoo, wala sisemi kwamba ni chaza. Ila kijidudu kile kinapenda maji ya milango ya mito, hujibandika kwenye viumbe vidogo vya majini, na hao ndio chakula cha chaza.

Mnyama alaye uchafu

Waliosoma fiqhi watakumbuka mlango wa jallala, yaani mnyama aliyezoea kula najisi mpaka nyama yake ikabadilika. Wanazuoni walielekeza afungiwe na kulishwa chakula kisafi mpaka harufu imtoke, na wakataja siku: ngamia 40, ng'ombe 30, kondoo au mbuzi 7, kuku 3.

Sasa tazama wanavyofanya watu wa Ulaya kwa chaza. Maeneo ya bahari yanapimwa na kupangwa madaraja kwa idadi ya bakteria wa kinyesi katika gramu 100 za nyama. Wasipozidi 230, chaza analiwa moja kwa moja. Wakizidi hapo mpaka 4,600, lazima awekwe kwanza kwenye matangi ya maji masafi ya bahari ajisafishe. Uingereza kawaida ni saa 42. Wakizidi hapo mpaka 46,000, anahamishiwa kwenye bahari safi kwa muda usiopungua miezi miwili. Kumpa mnyama nafasi ya kujisafisha kabla ya kumla si jambo geni kwetu, ingawa kipimo chao ni cha maabara. Hukumu ya kisheria waulizeni masheikh, mimi nazungumza kama tabibu. Na kama tabibu nasema kwamba saa 42 zinapunguza bakteria wa kinyesi, lakini haziondoi virusi vyote, wala hazitoi risasi na zebaki.

Jambo jingine. Madrasa tulifundishwa kwamba maji mengi yakiingiwa na najisi huangaliwa rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha tohara. Kwa kunywa na kwa kuokota chakula, usitosheke nacho, kwani kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi, na kadimiamu haina harufu.

Ukiwa jikoni

Mama mwenye nyumba, na wewe kijana unayejipikia, zingatieni haya:

1. Muulize muuzaji ametoa wapi. Waliookotwa penye mlango wa Msimbazi, karibu na bomba la majitaka au bandarini, waache, hata wakiwa wa bure. Moto hauondoi madini mazito.

2. Usinunue siku za mvua kubwa na siku kadhaa baada yake.

3. Nunua waliofunga magamba, au wanaofunga ukiwagonga. Aliyeachama na hafungi amekwishakufa. Chaza akifa, askari wake wamekufa naye, na bakteria wanaongezeka ndani ya muda mfupi hasa kwa joto letu.

4. Waoshe na wasugue kwa maji safi na salama, usitumie maji ya kisima kifupi.

5. Chemsha mpaka magamba yafunguke, kisha uendelee kuchemsha dakika tano au zaidi. Kufunguka kwa gamba hakumaanishi ameiva. Asiyefunguka mtupe. Ndimu na pilipili haviui virusi.

6. Kisu, ubao na sufuria vilivyogusa chaza wabichi visiguse kachumbari mpaka vioshwe kwa sabuni.

7. Mwenye kidonda mkononi asivae ujasiri wa kuwabandua chaza au kuwaosha bila kinga. Wapo vibrio wanaoingilia kwenye jeraha.

8. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ini na mwenye upungufu wa kinga asile kabisa chaza wasioiva. Hao kinga zao ziko chini, na kumkutanisha mtu wa namna hiyo na chaza ambaye kinga yake iko chini ni kuualika ugonjwa.

Dalili za kukimbilia kituo cha afya

Kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, kutapika, midomo kukauka, macho kuingia ndani, mkojo kukosekana: hicho ni kipindupindu mpaka kithibitishwe vinginevyo. Anza kumpa ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, huku mnakwenda. Usisubiri asubuhi, kwani mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa ndani ya saa chache. Macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi na uchovu, wiki mbili mpaka saba baada ya kula, ni dalili za homa ya ini. Ganzi ya midomo au vidole muda mfupi baada ya kula chaza ni hatari inayotokana na sumu za vijimea vya baharini. Nenda hospitali mara moja.

Ukiwa uani na mtaani

Mengi yanayomuua chaza yanaanzia nyuma ya nyumba zetu, na mengi yako ndani ya uwezo wetu. Choo kikijaa, wapangaji na mwenye nyumba wachangie kukinyonya. Ipo mikokoteni na pampu ndogo za mkono zinazofika hata kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Gharama ikigawanywa kwa vyumba vyote inapungua. Yule anayefungua tundu usiku wa mvua anampelekea jirani wa bondeni kinyesi mpaka mlangoni, na jirani huyo ana haki juu yake.

Fundi wa gereji na wa redio, wekeni oili na betri kwenye madumu na makasha mpaka zichukuliwe na wanaozinunua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto ikiwa zinahatarisha mazingira yake. Serikali ya mtaa, bwana afya na kamati za misikiti wana wajibu wa kukumbushana hilo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza bonde la Msimbazi. Kazi hiyo ni kubwa, lakini tope likichimbwa chini na sisi tukiendelea kutapisha juu, bonde litajaa tena.

Wanafunzi wa madrasa wanaweza kufundishwa jambo moja dogo: mtaro si jalala. Mtoto akilijua hilo akiwa na miaka saba, atamkataza na baba yake.

Chaza wa Salenda hana pa kuhamia. Mwambao wake ndio alipopangiwa, na kila tunachomtumia anakipokea, anakipigania mpaka askari wake wanaisha, kisha anabaki nacho. Atakayefuata kukipokea ni yule mtoto wa mama muokotaji, na baadaye ni mnunuzi wa jioni.

Kwa aliye na choo kinachokaribia kujaa, wito wangu ni huu: usingoje masika. Kiite chombo cha kunyonya wakati wa kiangazi, kabla wingu halijafunga. Tuombe Mwenyezi Mungu atujaalie afya na atuwezeshe kuzitunza neema zake za nchi kavu na za baharini. Amin.

Wabillahi tawfiq.